Mizani ya Mwaloni

Miaka ishirini na miwili nimepima samaki wa watu
hapa Kirumba.
Najua sangara aliyeshiba barafu anavyodanganya kilo,
najua kidole gumba kinavyoegemea sahani,
najua dagaa waliochanganywa na mchanga
kwa kuwashika tu, gizani.

Siku ile soko limepoa, magamba yamekauka sakafuni,
Lukelesha, kijana wangu wa kubeba matenga, akanitania:
"Bosi, na wewe panda."
Nikapanda. Mshale ukakimbia
kama mtu aliyeona mgambo.
Mia na kumi na nne.
Nikashuka, nikainama, nikatafuta jiwe chini ya sahani.
Hakuna jiwe.
Jiwe ni mimi.

Zahanati, Nesi Bahitwa, mzaliwa wa Ukerewe asiyependa mizaha,
akanifunga mkanda wa presha. Ukanibana, ukashusha pumzi.
Yeye akanyamaza,
na kimya chake ndicho kilichonitia baridi.
Kisha akachora sahani nyuma ya karatasi ya dawa:
nusu mboga, robo samaki, robo ugali.
"Robo ya mlima gani?" nikauliza.
"Ngumi yako moja," akasema. "Na usiikunjue."
Soda, basi. Chapati mbili za alfajiri, basi.
Kutembea nusu saa, siku tano;
ngazi, siku mbili.
Nikayanakili yote kwenye daftari la mauzo,
kwenye kurasa za wadaiwa,
maana hili nalo ni deni.

Kwangu ni juu, Igogo, kati ya mawe,
ngazi mia mbili na tatu.
Sikuwahi kuzihesabu nilipokuwa kijana;
kijana hahesabu.
Ngazi ya arobaini nikakaa.
Pimbi wanne wakanitazama juu ya jabali,
wamenona, hawana daftari.
Watoto wa shule wakapita: "Shikamoo!"
Wakatumwa dukani, wakarudi na kibiriti:
"Shikamoo tena!"

Aliyeumia hasa ni Misoji, mke wangu.
Kwetu mume akibakiza ugali
jirani huuliza kulikoni.
"Nimekupikia miaka kumi na tisa," akasema,
"leo unanipimia?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na njaa.
Kesho yake akaleta mgagani, mchungu kama ukweli,
na sato wa kuchemsha, ndimu na nyanya tu.
Akaweka ngumi yake kando ya yangu mezani,
akaona ilivyo ndogo,
akakata ugali wake pia.
Hakusema kitu. Hata leo hajasema.

Wiki ya tatu tulikwenda Magu harusini.
Sahani tatu za pilau. Soda mbili.
Na keki, niliyolishwa na mtoto wa watu, ningekataaje?
Usiku nikaandika: pilau tatu, soda mbili, keki.
Kalamu ilisita kwenye ile ya tatu,
lakini mpimaji hafuti.

Sasa ni wiki ya tisa.
Kilo tano zimeondoka bila kuaga.
Goti la kushoto bado linalalamika,
na harufu ya maandazi ya Mama Kabula
bado inanishika shati kila asubuhi.
Ila siku hizi ninakaa ngazi ya mia na kumi,
na pale, kumbe, ziwa linaonekana lote,
kivuko cha Kamanga kidogo kama punje,
na mimi nimeishi mlima huu miaka yote
nikitazama viatu vyangu.

Jumamosi nafika sokoni kabla ya mitumbwi kushusha.
Nafuta magamba kwenye sahani kwa kiganja.
Viatu naviacha chini.
Napanda polepole, nasubiri mshale uache kutetemeka,
peke yangu,
kidole gumba nimekificha mfukoni.