Kopo la Dubu

Dada yangu Kavutha alilituma kutoka Minesota
ndani ya soksi, kando ya losheni:
kopo la dubu wadogo wa zambarau, laini kama jeli.
"Mpe Mutheu mmoja, alale. Huku kila mtu anawapa."

Nami nilitaka kulala. Semeni mtakavyo.
Hapa Pipeline usiku haujijui kuwa ni usiku:
baa ya chini inadunda hadi saa tisa,
taa ya jengo la pili inachungulia kitandani
kama jirani asiye na haya,
na mwanangu wa miaka mitano, macho kodo,
anauliza kama samaki hufumba macho.

Jumanne nikampa mmoja. Akalala.
Jumatano mmoja.
Alhamisi akaniomba peremende yake.
Neno hilo lilinipita kimya, kama paka jikoni.

Jumamosi, nikitoka zamu, kifuniko kiko sakafuni,
kiti kimesogezwa hadi kabatini.
Nikawamwaga dubu mezani, nikahesabu mara tatu:
ishirini na wawili.
Jana walikuwa ishirini na sita.
Nikamwita Mutheu. Akaitika kwa mbali,
kama mtu aliye ndani ya mtungi.

Daktari Nasimiyu hakunigombeza.
Heri angenigombeza.
Walimlaza hadi jioni wakisikiliza pumzi zake,
akaamka, akataka chapati.

"Hii si peremende, mama. Ni homoni.
Mwili huipika wenyewe giza likiingia;
ukiwasha simu, unazima jiko.
Mtoto hapewi kabla ya kumuuliza daktari,
na akipewa, ni kidogo, kwa siku chache.
Tena kilichoandikwa kwenye kopo
huenda sicho kilichomo."

Kisha akamgeukia Musyimi: "Na wewe, baba?"
Musyimi, ambaye saa kumi alfajiri hushika usukani
wa lori la mkate, akatazama viatu vyake.
Wawili kati ya wale wanne walikuwa wake.
Kavimeza saa saba usiku,
akapanda lori na ukungu kichwani.

Sasa kopo liko ndani ya sanduku la bati,
pamoja na hati ya shamba, chini ya kufuli.
Dirishani nimetundika blanketi nzee.
Simu zetu zinalala jikoni, ndani ya sufuria, zimefunikwa.
Baa bado inadunda. Hilo sina dawa yake.

Gizani nikamjibu hatimaye:
samaki hana kope, hulala macho wazi.
Akanyamaza muda mrefu.
"Maskini," akasema,
akageukia ukuta.