Kielelezo Namba Tatu

Rangi ya kucha ilikuwa yangu.
Niseme hilo kwanza, kabla hakimu hajauliza,
kabla theluji ya Kutaisi haijayeyuka kwenye viatu vyetu
na kuacha madimbwi chini ya mabenchi ya mahakama.
Nyekundu. Kichupa cha bei rahisi
nilichonunua kwa ajili ya harusi ya binamu.

Miaka kumi na mmoja tumeoka pamoja, mimi na Nazibrola.
Yeye huinama ndani ya tanuri hadi kiunoni,
hubandika donge ukutani kwa kiganja,
huibuka nyusi zimeungua, anacheka.
Mikono ile imelisha mtaa mzima:
walimu, makuli wa stesheni, mapadri,
na huyu wakili wa tajiri, naapa,
nimemwona akiumega mkate wetu hata hajafika kwake.

Kisha Bwana Avtandil akataka damu.
Kila mfanyakazi, alisema, kwa usalama wa wateja.
Tukakunja mikono ya mashati kama watoto wa chanjo.
Hatukujua kwamba sheria inamkataza.
Nani husoma sheria saa kumi alfajiri, unga machoni?

Karatasi yake haikurudi mkononi mwake.
Ilirudi dukani, ikalala chini ya mizani,
na kufikia adhuhuri hata muuza magazeti alikuwa ameisoma.

Hakuna aliyesema neno.
Neno lingekuwa afadhali.
Tulisogeza viti.
Akiingia tulinyamaza, redio iliyokatiwa umeme.
Na mimi, ambaye mwanangu alibebwa naye siku ya ubatizo,
nilichukua kikombe chake cha chai
nikakitia alama kwenye kishikio, tone moja,
ili tusikosee.

Ili tusikosee!

Akakitazama. Akanywa. Akasema,
"Tsiala, rangi hii inakupendeza zaidi kwenye kucha."
Wiki iliyofuata tukatangaziwa kupunguzwa kwa wafanyakazi.
Aliyepunguzwa alikuwa mmoja.

Husemwa sheria ni msumeno.
Mimi nilidhani msumeno huo hukata kuni za maskini tu.
Sasa namwona wakili wake, kijana mwembamba,
koti limebakiwa na vifungo viwili,
anasoma polepole kama anayehesabu chenji:
asinyimwe mtu kazi kwa sababu ya virusi mwilini mwake;
asipimwe bila hiari yake;
siri yake isitolewe pasipo ridhaa yake.
Sentensi tatu. Kavu. Hazina hata pambo.
Sijawahi kusikia kitu kizuri namna hiyo
kikisomwa na mtu mwenye mafua.

Daktari naye alieleza: kidonge kimoja, saa tatu kila usiku,
na virusi vimefubaa hata kipimo hakivioni.
Kikombe hakiambukizi. Mkate hauambukizi.
Nilitazama kucha zangu.

"Kielelezo namba tatu," wakili akasema.
Karani akaambiwa akilete mezani.
Akasita. Akatoa leso mfukoni,
akakinyanyua kikombe kwa leso, kwa ncha za vidole,
kama anayemshika panya mkia.

Hakimu akavua miwani.
"Andika," akamwambia mwandishi wa kumbukumbu.
"Andika na leso pia."

Hapo ndipo lilipoitwa jina langu.
Nikaulizwa: rangi ile ni ya nani?

Alishinda. Mshahara wa miezi minane,
ufunguo wa kabati lake, nafasi yake mbele ya moto.
Tajiri alitia saini huku akikohoa.
Lakini nimeisoma hukumu yote, kurasa kumi na saba,
na hamna mstari unaoniamuru kurudisha kiti changu.
Hilo niliachiwa mwenyewe.

Nilikirudisha. Miguu ilikwaruza sakafu,
duka zima likageuka.
Nazibrola hakugeuka. Alikuwa akimimina chai
katika kikombe kile kile; alikidai mahakamani kwa maandishi.
Tone bado lipo kwenye kishikio.
Nilimwomba anipe kisu nilikwangue.
Akasema, "Kina chai ya moto, Tsiala.
Na sogea kidogo, unanizibia mwanga."