Halali Su

Mwalimu Polihronis alilizungushia duara jekundu:
halali. Pembeni akaandika: Si letu.
Nilikuwa na miaka tisa, mji wa Kavala,
mvua ya Februari ikidonda kwenye ndoo nyuma ya darasa,
na insha yangu ilihusu chungwa moja.

Chungwa lenyewe alinipa bibi Sultana.
Lilikuwa la mwisho. Alilimenya kwa kucha
zilizokwisha kugeuka kahawia kwa tumbaku
– miaka thelathini ghalani, akichambua majani,
jani pana huku, jani jembamba huku, lililooza chini –
akanipa lote, akalamba kidole, akasema:
Halali su.

Yaani, yako hilo. Kula, sina kinyongo.
Yaani, hata mbegu zake sitazidai.

Nilimwonyesha duara. Akavaa miwani,
akalishika daftari juu chini, maana kusoma hakujua.
"Kamwambie mwalimu wako: nilipovuka, nikiwa kimo chako,
forodhani walitupekua hadi mashuka.
Walichukua kijiko cha fedha. Walichukua kengele ya mbuzi,
na mbuzi mwenyewe tulikuwa tumemwacha!
Hili hawakuliona. Lilikuwa chini ya ulimi."

Sikumwambia.

Ukubwani nikalisaka katika kamusi.
Kamusi ni karani wa mpakani: huuliza tu umetoka wapi.
Kituruki, ikajibu. Na kabla ya hapo Kiarabu:
kilichoruhusiwa na sheria.
Nikaifunga. Kuruhusiwa?
Bibi hakuwa na mamlaka ya kumruhusu mtu kitu.
Alikuwa na chungwa.
Njiani kati ya sheria na chungwa
neno limetembea mno, limevaliwa na wengi,
limelainika kama kola ya shati la marehemu;
limemsahau kadhi, likamkumbuka mlaji.
Hata ndugu yake, harami, huku kwetu hatishi tena:
ni maziwa yaliyomwagika mlangoni,
ni ujana aliopewa mume asiyefaa. Umekwenda harami,
wanawake husema, na kuendelea kukamua nguo.

Halafu Anestis, kaka yake,
aliyeiuza cherehani ya bibi mwaka ghala lilipofungwa,
akakata tiketi ya treni ya Ujerumani,
asirudishe senti, asiandike barua.
Dawa ya deni kulipa: bibi alilisema hilo kila Jumapili,
kwa sauti, bila kumtaja mtu,
akipapasa mashimo manne ya skrubu mezani.

Alirudi na mapafu yaliyotoboka.
Hospitalini walimpa kitanda cha dirishani.
Hakuomba radhi. Aliuliza kama bado kuna baridi nje.
Bibi alisimama, mkoba mkononi,
koti lake limefungwa vifungo vyote,
nami nikadhani sasa ataitaja bei
(drakma mia tisa; naijua hata mimi).
Akavuta blanketi, akamfunika miguu.
"Halali su, Anesti."

Tulishuka ngazi bila neno.
Kwenye kituo cha basi akafungua mkoba, akaufunga,
akaufungua tena.
"Ilikuwa cherehani nzuri," akasema.
"Haikukata uzi hata siku moja."