Chumvi ya Mwezi wa Tatu

Tangu Matandu imeze daraja la magogo
hakuna lori lililovuka kuja huku kwetu.
Dukani kwa Mchopa imebaki mizani
na biskuti ambazo hata panya kazisusa.
Ukimuuliza chumvi anageuza gunia,
analikung'uta, anacheka kama mfiwa.

Basi tunapimiana kwa kijiko.
Kijiko cha chai, kimefutwa kwa kidole, sawasawa.
Hakuna daftari.
Binti Malyunga nimemkopa mara nne,
kanikopa mara tano,
achilia mbali vidonge vya homa
na lile paja la funo
ambalo bwana nyamapori hakulisikia,
na wewe hujalisikia.

Mchana tunaingia porini.
Ming'oko bado midogo, tunachuma uyoga.
Shaweji, miaka tisa, anamjibu mlembe kwa mluzi:
ndege mbele, mtoto nyuma ya ndege,
mimi nyuma ya kisogo cha mtoto
nikisoma mavi ya tembo njiani.
Haya ya juzi. Haya ya jana.
Haya yanafuka moshi, Shaweji, rudi!

Bibi yake alikuwa na neno moja kwa mambo haya yote,
ndege, na kumfuata, na asali usiyoiona bado.
Neno la Kingindo, fupi, lenye kuguna katikati.
Nimelitafuta kinywani tangu asubuhi
nikapata Kiswahili tu.

Jioni tunapanda kichuguu cha nyuma ya shule,
ndipo mtandao unaposhuka,
vijiti viwili, ukibahatika.
Pale hapana siri. Kijiji kizima tulisikia
Mwalimu Ndembo akiachwa na mchumba
na tukamshika mkono kushuka, kwa kuwa kunateleza.
Dada yangu, kutoka Mbagala: "Mnangoja nini huko?"
Nikamwambia sauti inakatika.
Haikuwa inakatika.

Mwezi wa tano lori likafika, tope mpaka kwenye vioo.
Tulinunua chumvi kama watu wanaonunua kiwanja.
Usiku huo mboga ya kila nyumba ilikuwa kali, hailiki,
na wote tukala.

Alfajiri, hodi.
Binti Malyunga, kanga mpya, viatu vya safari,
na kijiko mkononi, kimefutwa kwa kidole.
"Nilikuwa nadaiwa kimoja," akasema.

Huku hatulipani mpaka mwisho.
Kila mtu humbakizia mwenzake punje kadhaa
ili kesho apatikane wa kubisha hodi.
Nikatazama juu ya bega lake:
godoro limekunjwa, limefungwa kamba,
mbuzi wake wawili tayari wamo ndani ya lori,
dereva anapiga honi, hana habari.

Nikaupiga ule mkono.
Chumvi ikamwagika kizingitini, nyeupe kwenye tope,
kuku wakaja, wakadonoa, wakakasirika.

"Haijanifikia," nikamwambia.
"Bado nakudai."