Daftari la Dizeli

Historia ya uwanja ule haikuandikwa na mwanachuoni.
Iliandikwa na Muhenna bin Sleyum, mtia dizeli,
Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa kalamu ya risasi:
galani ngapi zimeingia, saa ngapi taa zimezimwa.
Mimi ndiye niliyelirithi daftari.
Linanuka mafuta bado.

Kabla ya ukurasa wa kwanza palikuwa na sakafu tu,
chokaa na udongo, kando ya wadi ya Ghubaira,
walipoanika tende za kuchemshwa
zingali na joto la masufuria ya shaba.
Wachemshaji waliimba kwa kupokezana, wasije wakalala moto ukazima,
na asali ikawanata nyayoni,
hata ngoma ya kwanza ya mahali pale, wasemavyo,
ilikuwa mlio wa miguu ikibanduka.

Tende zikakosa mnunuzi. Sakafu wakairithi sisimizi.

Halafu wakaja wao, kutoka Unguja, na koti moja moja,
Waarabu kule, Wazanzibari huku,
kila nyumba wameingia mguu mmoja.
Ghanuni ilikuja imeviringishwa ndani ya godoro.
Forodhani walisema ni meza ya kukatia nguo.
Udi ulikuja bila nyuzi.
Nyuzi alitoa Shambe, Mbaluchi mpiga ngoma:
mshipi wa kuvulia changu.
"Nao huimba," akasema, "ukivutwa na mwenye njaa."

Usiku wa kwanza, galani mbili. Ameandika:
*Watu kumi na mmoja. Mbuzi sikuwahesabu.*
Usiku wa saba, galani tano, na pembeni:
*Shekhe kapita. Hakushuka garini. Hakuondoka pia.*

Wanawake walikaa ng'ambo, juu ya mawe,
maji ya kifundo cha mguu ndiyo pazia lao.
Bi Ghasina akiimba kutoka kule
jabali lilimrudishia ubeti, nusu pumzi nyuma.
Mwanzo lilimkera.
Kisha akajifunza kulingoja,
akalifanya mwitikiaji wake.
Waliomwiga kumbini Maskati walishindwa;
kuta za huko hazina subira.

Ukurasa wa arubaini una tope.
Hapo hakuna galani. Kuna neno moja: *Wadi.*
Kwetu neno hilo ni mahali, na ni jambo linalokuja.
Mvua ilinyesha milimani; sisi tulikuwa na nyota.
Shambe aliinua mikono juu ya ngoma,
ngoma ikaendelea.
Akaweka kiganja sakafuni: "Huyu anayepiga si mimi."

Hakufa mtu.
Zilikwenda zulia, viti, birika la kahawa, jenereta.
Ghanuni ilikutwa siku ya tatu juu ya mkunazi,
imejaa mchanga, nyuzi nne zimesalia,
upepo ukipita inajibu.
Muhenna aliiacha kule wiki nzima.
*Haitumii dizeli*, ameandika.

Jenereta jipya lilinunuliwa kwa mchango.
Lakini hesabu zake, tangu mwanzo, haziendi sawa.
Kila Alhamisi galani moja inatoka kwenye pipa
na haifiki kwenye mashine.
*Imemwagika*, anaandika. *Imemwagika. Imemwagika.*
Miaka tisa. Mtu wa mikono mikavu kama yule.
Nilimuuliza mama. Alicheka mpaka akashika ukuta:
"Ilimwagika hadi mlangoni kwa Ghasina, na kurudi.
Mumewe hakutaka kumleta. Hakumkataza kuletwa."

Sasa kuna bwawa huko juu, na maji huja kwa adabu.
Vijana wa baladia wamepanda taa za jua,
wanachoma mishikaki palipokuwa na pipa.
Walikuja kwangu wakitaka maneno ya kibao, mistari mitatu.

Nikawaandikia:
Hapa zilianikwa tende.
Hapa wadi ilipiga ngoma.
Hapa galani moja ilimwagika kila Alhamisi.

Wameuondoa wa tatu.
Wamesema wageni watateleza.