Chupa ya Rafu ya Juu

Fundi sanifu Minza hakuigusa chupa.
Aliitazama tu: kifuniko kimeota fuwele nyeupe
kama chumvi ya jasho kwenye kola.

"Hii niliipika mwenyewe, mwaka wa mvua za Elnino.
Ethanoli, asidi ya salfuriki, nyuzi mia na arobaini.
Ukizidisha moto unapata gesi, hupati etha.
Molekuli mbili zinatema maji,
zinabaki zimeshikana kwa oksijeni moja."

Nje, mawe ya Bwiru yamebebana, ziwa limelala.

Tulifundishwa kuwa etha ni mpole:
sodiamu haimsumbui, alikali haimtikisi,
mpaka ichemke hidroiodiki ndipo avunjike.
Hatukufundishwa kwamba pale rafuni
miaka yote hiyo alikuwa anakunywa hewa,
kidogo,
kidogo,
na siku moja kuzungusha kifuniko tu kunatosha.

*Kimya kingi*, tuliandika daftarini,
tukaacha nafasi.

Minza alifunga mlango kwa makufuli mawili,
akabandika karatasi: USIINGIE.

Mama yangu pia hajawahi kugombana na mtu.
Jioni ile niliwahi kufika Kirumba,
nikaketi karibu naye, nikamuuliza
taratibu
habari za miaka yote.