Hakuna Tena Chuma cha Kuchonga

Fundi Sifaeli wa Njoro hasemi bei kwa mdomo.
Anachana ubavu wa boksi la ringi,
anaitafuta kalamu nyuma ya sikio, haipo,
anaazima yangu, anaandika:
pistoni sita, beringi za krenki,
gasketi seti nzima, valvu mbili zilizoungua,
kuchonga...
hapo anasita, kalamu hewani,
kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa barabarani.

"Bloku hili mmelichonga mara ngapi?"

Sijui. Ninachojua, lori la baba
lilipanda Kibosho likitapika moshi wa buluu
na watoto wa shule wakalikimbilia nyuma wakiimba
kwamba mji huu ulipewa jina
na Bedifodi ya mzee Ndeshukuru.

Nikampigia baba. Akaja kwa bodaboda, fimbo mapajani,
hakumsalimu mtu.
Akaingiza kidole kwenye silinda ya kwanza,
akakizungusha taratibu
kama anayekomba sufuria ya mtori.

"Ishirini," akasema. "Mwaka ule mvua ilipobeba daraja.
Dume la ng'ombe, na kahawa yote ya msimu.
Arobaini, kiwanja cha Pasua.
Mama yenu alinuna mpaka Pasaka.
Sitini..."
Akakitoa kidole, akakifuta kwenye suruali.

Sitini tunaijua sote.
Sitini ni kihamba cha chini, chenye mfereji.
Sitini ni kaka yangu Anaeli
akishuka na sanduku lake la bati, kidato cha pili,
bila kuuliza kitu, akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Ishirini, fundi ananieleza, ni unene wa ukucha.
Dume zima kwa ukucha mmoja!
Na kila lilipochongwa
tundu lilipanuka, ukuta ukabaki mwembamba,
nasi ndani ya nyumba tukazidi kusogeleana.

Sasa bila slivu hakuna njia.
Slivu sita, ziagizwe Nairobi, zipachikwe,
injini irudi kipimo cha kiwandani
kana kwamba hakuna kilichowahi kuuzwa:
milioni tano na laki nane,
bila oili, bila chai ya vijana.
Au ile pale, anaonyesha kwa kidevu,
Isuzu ya mtumba kutoka Japani, ingali ndani ya nailoni,
milioni nne na nusu pamoja na kuchomelea maunti.

Ndizi zikiiva hazijui historia.
Nikasema Isuzu.
Nilisema haraka, macho kwenye boksi,
nisimwone baba.

Yeye aliuliza jambo moja tu: "Italiaje?"
"Kimya, mzee wangu," Sifaeli akajibu kwa fahari.
"Kimya," baba akarudia,
kama jina la mkwe asiyempenda.
Mama, alipokuwa hai, alilisikia lori kwenye kona ya kanisa
akabandika maji ya kuoga.

Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja akataja bei ya kilo.
Baba alimjibu kwa Kichaga, maneno matatu;
hakurudi.
Bloku likaletwa nyumbani kwa mkokoteni,
likalazwa kati ya migomba, matundu juu.

Juzi asubuhi nimeyakuta yamejazwa udongo,
na katika tundu la tatu amepanda isale.
Sikumwuliza ni msamaha, na anamwomba nani,
au ni mpaka,
wa shamba ambalo si letu tena.
Kuku walikuwa wameshaanza kuparura.

Isuzu nimeiwasha. Kweli, haina kelele.
Kwenye kona ya kanisa nikapiga honi,
sikuwa na sababu.
Sifaeli bado ananidai laki mbili na arobaini.
Kalamu yangu hajarudisha.